Mzee ana presha ya macho? Basi na wewe kapime

Habari zenu wapendwa, leo naandika kwa wale wote wenye baba au mama au kaka au dada aliyeambiwa ana presha ya macho, hiyo ambayo madaktari wanaiita glakoma, na hasa nawaandikia nyie wa huku kwetu Moshi na Arusha ambao kila Desemba mnakutana nyumbani ukoo mzima, mnachinja mbuzi, mnakula, mnaagana, na hamna hata mmoja aliyeuliza mzee macho yanaendeleaje. Najua siyo mada ya kuchangamsha lakini naomba msome mpaka mwisho, maana huu ugonjwa una tabia moja mbaya sana, hauumi. Ungekuwa unauma tungekuwa tumeshaenda hospitali wote.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Kibosho, na mpaka leo akivaa miwani yake ya kusomea anasoma gazeti lote kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya vifo. Sasa nani angefikiria mtu anayesoma gazeti ana tatizo kubwa la macho? Ila kulikuwa na vitu vidogo vidogo. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Anajikwaa kwenye visiki vya migomba, tena kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo alichozaliwa, ambacho anakijua kila kona. Anamsalimia mtu aliyeko mbele yake alafu aliyekaa pembeni hamsalimii, mpaka watu wakaanza kusema mwalimu siku hizi anaringa. Pikipiki aliiacha mwenyewe, akasema magari ya siku hizi yanatokea ghafla. Nyumbani wote wakasema ni uzee.

Kilichomuokoa ni miwani kuvunjika. Alienda mjini kutafuta nyingine, na bahati nzuri aliyempima alikuwa mtu makini, hakumpa tu miwani akamwacha aende zake, alimwangalia ndani ya jicho akaona mshipa wa fahamu hauko sawa, akamwandikia rufaa ya KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa pale Moshi. Kule wakampima presha, jicho la kulia ikasoma 34 na la kushoto 27. Kwa kawaida inatakiwa iwe kati ya 10 na 21. Alafu wakampima na uwezo wa kuona pembeni, kile kipimo unaweka kidevu kwenye mashine unaangalia katikati, kila ukiona kitaa kinawaka unabonyeza kitufe, na majibu yalipotoka jicho la kulia lilikuwa limebaki na sehemu ndogo tu ya katikati. Hiyo ndo sehemu anayosomea gazeti.

Ngoja nieleze jinsi inavyokuwa, maana tukielewa hapa mengine yote yanaeleweka. Jicho linatengeneza maji yake lenyewe usiku na mchana, siyo machozi, haya ni maji ya ndani yanayolisha sehemu za mbele za jicho, alafu yanatoka kupitia kichujio kidogo sana kilichopo kwenye kona ambapo ile sehemu yenye rangi inakutana na kioo cha mbele. Sisi tuliokulia mlimani tunaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, maji yakiendelea kushuka kutoka juu na huku chini majani yameziba, yanajaa. Tofauti ni kwamba mfongo utafurika shambani kwa jirani, jicho halina pa kufurikia, kwahiyo presha inapanda ndani na inakandamiza mshipa wa fahamu ulioko nyuma, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo mshipa una nyuzi zaidi ya milioni 1, na zinakufa taratibu, miaka na miaka, na uzi ukishafa haufufuki.

Na kwa nini mtu hajui? Kwanza zinazotangulia kufa ni nyuzi zinazoona pembeni, katikati panabaki safi mpaka mwishoni kabisa. Pili, macho ni mawili, jicho moja linaficha upungufu wa lingine. Tatu, ubongo unajaza wenyewe pale pasipoonekana, mtu haoni doa jeusi wala giza, anaona ukuta kama kawaida, kumbe kulikuwa na mtu amesimama pale ukutani. Ndo maana baba anauona uso wako vizuri kabisa lakini kikombe cha chai ulichomwekea pembeni anakimwaga. Kama una mzazi anayemwaga chai, anayegonga milango, anayekosea ngazi ya mwisho, anayeshtuka watu wakitokea upande, tafadhali usiishie kusema amezeeka.

Kuna jambo lingine linawachanganya watu wengi. Presha ya jicho siyo ile presha ya damu inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 safi kabisa na jichoni ana 40. Wapo pia ambao presha ya jicho iko ndani ya kawaida na bado mshipa unaharibika, na wapo wenye presha ya juu kidogo ambao mshipa wao bado mzima. Kwahiyo ukipimwa namba tu ukaambiwa uko poa, uliza kama mshipa nao umeangaliwa. Ile namba peke yake haitoshi.

Sasa majirani. Baba alipotoka KCMC kila aliyekuja kumwona alimwambia nenda kafanyiwe operesheni uone tena, mbona bibi wa pale juu alifunguliwa bandeji kesho yake akaanza kuhesabu kuku uani. Huyo bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi imekuwa na ukungu, wanaitoa wanaweka nyingine, mtu anaona, na ni furaha kubwa kweli. Glakoma haiko hivyo. Daktari alimwambia baba mbele yangu, kwa heshima kabisa na bila kumzungusha, "Mwalimu, kilichopotea hakirudi. Ila tukishirikiana mimi na wewe, hiki kilichobaki utazeeka nacho." Baba akakaa kimya kidogo, akauliza, "Kwahiyo dawa ni ya kulinda, siyo ya kurudisha?" Daktari akasema ndiyo mwalimu, umeelewa vizuri kuliko wengi. Na kwa maoni yangu hapa ndo wagonjwa wengi wanapopotelea, mtu anaweka matone miezi miwili, haoni mabadiliko yoyote, anasema hii dawa haifanyi kazi, anaacha. Kumbe kutoona mabadiliko ndo kazi yenyewe ya dawa.

Zipo aina nyingi za glakoma na sitaziandika zote. Hii ya kimyakimya ndo iliyo nyingi kwetu. Utafiti uliofanyika Kongwa kule Dodoma, majibu yake yakachapishwa mwaka 2000, ulikuta kwa watu wenye miaka 40 na kuendelea, kama 4 kwenye kila 100 wanayo. Fikiria kanisa lako Jumapili, hesabu waliovuka 40, alafu upige hesabu mwenyewe. Na inajulikana kwamba sisi watu weusi tunaipata zaidi na inatuanza mapema na inaenda kasi kuliko wazungu.

Lakini kuna moja isiyo ya kimya, hii mtu asisubiri hata asubuhi. Jicho linauma vibaya mno, linakuwa jekundu, kuona kunakuwa na ukungu, ukiangalia taa unaona miduara ya rangi kuizunguka, kichwa kinapasuka upande huo na unatapika. Watu wanaipeleka kwenye malaria au kipandauso kwa sababu ya kule kutapika. Hapo ni ile kona ya kutolea maji imejifunga ghafla, na jicho linaweza kupotea ndani ya muda mfupi sana, ni kuchukua bodaboda au gari ya jirani saa hiyohiyo mpaka hospitali yenye daktari wa macho.

Na watoto. Kuna watoto wanazaliwa nayo. Mtoto ana macho makubwa, kila anayemwona anasema jamani macho mazuri haya, lakini anakimbia mwanga, machozi yanamtoka muda wote, na kile kioo cha mbele cha jicho kina weupe au ubluu wa ukungu. Huyo apelekwe mapema bila kusubiri kliniki ya chanjo ijayo, kwake matibabu ni upasuaji na kila wiki ina maana.

Tiba sasa. Karibu wote wanaanzishiwa matone. Ya bei nafuu na yanayopatikana sana ni timololi, mara nyingi asubuhi na jioni, inapunguza maji yanayotengenezwa. Hii ukipewa mwambie daktari kama una pumu au moyo wako unapiga taratibu, maana tone la jichoni linateremka puani na kuingia kwenye damu, na timololi inaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu vibaya sana. Shangazi yangu ana pumu ya miaka mingi, na alipokutwa na yeye ana glakoma alitaka tu atumie kichupa cha kaka yake, si ugonjwa ni mmoja. Hapana jamani, kamwe. Yeye aliandikiwa latanoprosti, hii inawekwa mara moja tu usiku, inafungulia maji njia ya kutoka, ni nzuri sana ila bei yake imechangamka, na inaweza kufanya jicho liwe jekundu kidogo, kope zirefuke, na ile sehemu yenye rangi iwe nyeusi zaidi. Kuna na vidonge, vingi vinajulikana kwa jina la Diamox, wanavitoa presha ikiwa juu sana kuishusha haraka, vinakufanya uende haja ndogo mara kwa mara na vidole vinafanya ganzi ganzi, usiogope ila mwambie daktari.

Kuweka tone nako ni ufundi, wengi dawa inaishia shavuni. Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini, tone moja tu linatosha, ncha ya kichupa isiguse jicho, fumba macho taratibu bila kuyabana alafu kandamiza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kama dakika moja au mbili, hiyo inazuia dawa kukimbilia puani. Kama una dawa mbili subiri dakika 5 kati ya ya kwanza na ya pili, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Baba mikono inatetemeka kwahiyo anawekewa na mjukuu wake wa darasa la 5, saa moja asubuhi kabla ya shule na saa moja jioni, wamezoeana, na yule mtoto ni mkali kuliko nesi yeyote.

Mnalijua hili la leza? Mimi nalisema kila mahali kwa sababu ni jambo limefanyika hapahapa kwetu. Pale KCMC walifanya utafiti kwa wagonjwa 201 wa glakoma wenye presha ya juu, kundi moja wakapewa matone ya timololi na lingine wakapigwa leza, yaani mwanga maalumu wa mashine, kwenye kile kichujio cha kutolea maji. Majibu yakatoka mwaka 2021 kwenye jarida la Lancet Global Health, baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwenye macho 61 kati ya kila 100 na timololi 31. Karibu mara mbili! Hamna kisu, ni dakika chache umekaa kwenye kiti umeweka kidevu kwenye mashine, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Haidumu milele, inaweza ikaja kurudiwa, haifai kwa kila aina ya glakoma, na wengine bado watahitaji matone, lakini kwa mtu wa kijijini ambaye kichupa kikiisha mpaka auze mkungu wa ndizi sokoni Kiboriloni ndo anunue kingine, hili ni la kumuuliza daktari wako waziwazi, "je, mimi leza inanifaa?" Msiogope kuuliza, daktari hakasiriki.

Matone na leza vikishindwa kuna upasuaji, wanafungua njia mpya ya maji kutokea chini ya kope ya juu. Huu nao siyo wa kukufanya uone zaidi, ni wa kushusha presha, na wiki za mwanzo kuona kunaweza hata kuwa na ukungu, na tarehe za kurudi kliniki baada ya hapo ndo nusu ya matibabu. Anayeenda akitegemea kutoka anaona kama yule bibi wa kuku atatoka analaumu madaktari bure.

Sasa nirudi kwenye ndugu, maana ndo hasa kilichonifanya niandike. Ukiwa na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma, hatari yako wewe inapanda mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Daktari alivyomaliza na baba aliuliza, mwalimu mmezaliwa wangapi? Wote waje. Na watoto wote waje. Rahisi kusema! Baba mdogo anaishi Sakina kule Arusha, ni dereva, nilipompigia akaniambia mwanangu mimi theluji ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, naiona nikiwa Boma Ng'ombe, macho yangu hayana shida. Nikamwambia baba mdogo shikamoo tena, sikukatalii, hata baba anaiona Kibo, tatizo ni bodaboda inayokuja ubavuni. Akanyamaza. Ilibidi tusubiri Krismasi wakutane wote Kibosho, na baba mwenyewe ndo aliongea, baada ya kula, akasimama akawaambia wadogo zake jicho langu moja limekwisha na sikusikia maumivu hata siku moja, nyie mna damu yangu, nendeni. Hapo hamna aliyebisha, si unajua mkubwa akisema.

Baba mdogo alikutwa nayo, bado changa, pembeni kote bado anaona. Ameanza matone na bado anaendesha gari akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Shangazi nimeshamtaja. Wengine wako salama, ila wameambiwa warudi kupima kila mwaka, kwa sababu kuwa salama mwaka huu hakukupi kinga ya mwaka kesho. Mimi nimepimwa, na wadogo zangu pia.

Kwahiyo hii Desemba, kabla watu hawajaanza kugombania mabasi ya kurudi Dar, ulizeni nani kwenye ukoo alipofuka, na ilikuwaje. Yule babu mnayesimuliwa alipofuka kwa kurogwa au kwa moshi wa jikoni, huenda ilikuwa hii. Ukiwa na historia hiyo usisubiri ufike 40, nenda mapema. Kama huna, ukifika 40 nenda tu. Na kila Machi kuna wiki ya glakoma duniani, ukisikia tangazo kanisani au msikitini kwamba kuna upimaji wa macho, usipitwe.

Na naomba sana kuhusu matone ya kununua dukani bila cheti. Watoto wetu wengi macho yanawasha, haya mavumbi ya kiangazi, wanafikicha mpaka yanakuwa mekundu, mama anaenda famasi anapewa kichupa chenye deksamethasoni, mtoto anapona ndani ya siku mbili, basi kila yakiwasha anarudi kununua kilekile. Hiyo ni steroidi. Ikitumika muda mrefu bila daktari inapandisha presha ya jicho na inaleta glakoma kwa mtoto ambaye hakuwa nayo, na nimewaona kliniki vijana wa sekondari wanaoongozwa kwa mkono kwa sababu hiyo. Inaniuma kweli. Soma jina kwenye kichupa, kama linaishia na "soni" au "soloni" muulize daktari kwanza. Majani, asali, maziwa ya mama, mkojo, vyote hivyo visiingie jichoni. Karoti kula ni chakula kizuri lakini haishushi presha ya jicho. Na maombi tunaomba, baba yangu anaombewa kila Jumapili, na matone anaweka.

Siku ya kwenda kupima, nenda na mtu, maana mara nyingi wanakuwekea dawa ya kupanua mboni na kwa masaa kadhaa utaona ukungu, jua litakuchoma macho, hutaweza kusoma hata meseji, kwahiyo usiendeshe, beba kofia au miwani ya jua. Beba vichupa vyote unavyotumia hata vilivyoisha, na orodha ya dawa zako zingine, za sukari, za moyo, za pumu. Kama una bima uliza palepale dirishani inalipia dawa ipi kabla hujaondoka na cheti. Na ukiambiwa una presha ya macho, kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari uliza namba yako ni ngapi na inatakiwa ishuke mpaka ngapi, iandike kwenye simu, ili ukirudi kliniki ujue kama dawa inafika pale au inabidi ibadilishwe.